Baraza ya Tabora

Makanyagio hatuna hoteli kongwe ya kifahari. Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, ilifuata madini ya risasi, si wageni. Ukitaka baraza ya kale, panda treni hadi Tabora.

Hoteli inayoitwa Orion leo ilijengwa na Wajerumani, karibu mwaka 1914. Hawakuifaidi sana: Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini, kisha wakaja Waingereza. Waliokaa barazani walibadilika. Waliopika, waliofua na waliobeba mizigo walibaki Waafrika, na majina yao hatuyajui.

Siku hizi mjukuu wa kibarua wa Mpanda, akiwa na bei ya chai, anakaa palepale. Anahudumiwa. Je, anakumbuka nani aliyebeba matofali?