Kivuli: Somo la sayansi lisilohitaji maabara

KATIKA vitendawili ambavyo watoto hutegeana jioni, kimojawapo humhusu mwenzi anayemfuata mtu kila aendako lakini haitiki akiitwa. Jibu ni kivuli. Mtoto aliyekitegua kitendawili hicho amekwisha kuanza kujifunza sayansi, ila mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo.

Somo la jua na vivuli hufundishwa katika madarasa ya shule za msingi, na msingi wake ni sahili. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unapokutana na kitu usichoweza kukipenya, kama vile mti, ukuta au mwili wa mtu, huzuiwa. Upande wa pili hubaki mahali ambapo mwanga haukufika, na hapo ndipo penye kivuli. Kioo cha dirisha hupitisha sehemu kubwa ya nuru, hivyo kivuli chake ni hafifu.

Nuru hiyo hutoka mbali. Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150, na mwanga wake, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua zaidi kidogo ya dakika nane kutufikia.

Vifaa vya somo ni fimbo iliyonyooka ya mita moja, mawe kadhaa na uwanja tambarare. Wanafunzi huisimika fimbo wima asubuhi, kisha kila baada ya saa moja huweka jiwe penye ncha ya kivuli. Wataona kuwa asubuhi kivuli ni kirefu na huelekea upande wa magharibi. Hufupika kadiri jua linavyopanda, kisha hurefuka tena upande wa mashariki. Jua huonekana likitembea, lakini kwa hakika ni dunia inayojizungusha kwa nyuzi 15 kila saa.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu. Vitabu vilivyoandikiwa watoto wa Ulaya husema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Huko ni kweli mwaka mzima. Kenya, nchi inayokatwa na ikweta, mambo ni tofauti. Jijini Nairobi, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Miezi iliyosalia, kivuli huangukia kaskazini. Tarehe 21 Juni, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 46 hivi adhuhuri; tarehe 21 Desemba, takriban sentimita 41, upande wa pili.

Mjini Nanyuki, penye mstari wa ikweta, jua hufika utosini karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, na kivuli cha fimbo hutoweka kwa muda mfupi. Mombasa, iliyo kusini zaidi, hushuhudia hali hiyo takriban Machi 10 na mapema Oktoba.

Kosa la pili ni kuwaambia watoto kwamba kivuli huwa kifupi kabisa saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Nairobi iko magharibi ya mstari huo, hivyo jua lake hufika kileleni kwa kuchelewa: kati ya saa sita na robo mapema Novemba na saa saba kasorobo hivi katikati ya Februari. Mtoto aliyekaririshwa saa sita, kisha akatoka nje akaona vingine, hulazimika kuchagua kati ya macho yake na daftari lake. Akizoea kuchagua daftari, sayansi imempotea.

Elimu ya vivuli si ngeni kwetu. Waislamu wa pwani hutambua kuingia kwa alasiri pale kivuli cha kitu, ukiondoa kile cha adhuhuri, kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe. Nchini Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Eratosthenes alilinganisha kivuli cha Alexandria na jua la utosini mjini Syene, Aswan ya leo, akakadiria mzingo wa dunia yote.

Wanafunzi wetu nao wanaweza kupima. Iwapo fimbo ya mita moja ina kivuli cha nusu mita, na wakati huo huo mwembe wa shule una kivuli cha mita sita, basi mwembe huo una urefu wa mita 12. Hakuna aliyelazimika kuukwea.

Onyo moja halina mjadala: watoto watazame kivuli, kamwe wasilitazame jua lenyewe, hata wakati wa kupatwa kwake, kama ilivyotokea Turkana tarehe 3 Novemba 2013. Miale yake huweza kuharibu jicho bila mtoto kuhisi maumivu.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mwalimu atakayewatoa wanafunzi wake uwanjani kwa siku moja tu, mawe mkononi, atayaona mavuno hayo.