Shairi linapozaa muziki wa ala chache

Muziki wa chemba ni muziki unaopigwa na wanamuziki wachache, kila mmoja akiwa na sehemu yake, bila ya kiongozi wa kuwaongoza kwa fimbo. Jina hilo linatokana na chumba, kwani hapo zamani ulipigwa katika vyumba vya wakubwa wa Ulaya.

Baadhi ya tungo hizo huzaliwa na shairi. Mfano mashuhuri ni Verklärte Nacht, aliyoitunga Arnold Schoenberg mwaka 1899 kwa fidla mbili, viola mbili na selo mbili, kutokana na shairi la Mjerumani Richard Dehmel. Mwanamke anamkiria mpenzi wake, usiku wa mbalamwezi, kwamba ana mimba ya mtu mwingine; naye mwanamume anaridhia mtoto awe wake. Hakuna anayeimba, nyuzi ndizo zinazosimulia. Mwaka 1912, baada ya kuisikia, Dehmel alimwandikia Schoenberg kuwa alikusudia kuyafuatilia maneno yake ndani ya muziki, lakini aliyasahau upesi kwa jinsi sauti zilivyomteka.

Kwa Waswahili, muziki unaokaribiana na huo ni taarabu ya kundi dogo, ila humo shairi halinyamazi. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki dunia mwaka 2014, aliimba kwa kinanda na tabla mashairi mengi ya Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Mstari wa mizani 16, nane kila kipande, ndio unaompimia mwimbaji pumzi, na ala hujibu baada ya ubeti.

Msikilizaji wa Nkuhungu, mjini Dodoma, anao mfano wa nyumbani: zeze na ilimba za Wagogo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma aliyefariki dunia mwaka 2003, alipiga ala hizo huku akiimba, hivyo maneno na muziki vilitoka kwa mtu mmoja.

Penye watu wawili, wa kwanza kusahaulika ni mshairi. Shairi la Dehmel lilichapishwa pamoja na nota za Schoenberg, hivyo jina lake likabaki. Katika taarabu, mara nyingi hutajwa mwimbaji peke yake. Kumtaja mtunzi wa maneno kila wimbo unapopigwa hakugharimu kitu, na ndiko kunakomrudishia haki yake.