Bendi ya R.E.M. na Maneno Yasiyosikika: Kutoka Karamu za Wanafunzi hadi Soko la Dunia

Waandishi wa historia ya muziki wa roki wa Marekani wamezoea kueleza kupanda kwa bendi kwa sababu mbili: ama bahati iliwaangukia vijana fulani, ama kampuni yenye fedha iliwabeba. Habari za bendi iitwayo R.E.M., iliyoanzia katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, hazikubali kuelezwa hivyo. Watu wake wanne walichukua miaka saba na zaidi kutoka karamu ya wanafunzi hadi kuingia katika orodha ya nyimbo kumi zilizoongoza nchini mwao, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo maneno waliyoyaimba hayakusikika sawasawa. Jambo hili la pili ndilo limpasalo mwanafunzi wa lugha kulitazama. Imekuwaje bendi ikapendwa kabla ya maneno yake kufahamika? Tena, maneno hayo yalipoanza kusikika, je, kuna kitu kilichopotea?

Athens ni mji wa chuo. Chuo Kikuu cha Georgia kilipewa hati yake mwaka wa 1785, na maisha ya mji tangu zamani yameifuata kalenda ya masomo. Katika miaka ya 1970 kodi za nyumba zilikuwa nafuu, majumba makuukuu yalikuwa mengi, na vijana walikuja na kuondoka kila mwaka. Mji wa namna hiyo haukuwa na kumbi kubwa za muziki, lakini ulikuwa na karamu. Mwaka wa 1977 bendi ya The B-52's ilipiga kwa mara ya kwanza katika karamu ya Athens, kisha ikaenda New York na kupata sifa. Baada yake wakatokea Pylon, ambao walikuwa wanafunzi wa sanaa. Kutokana na hao, vijana wa mji walijifunza ya kwamba haikuwalazimu kuwa mafundi wa muziki ndipo waanze, wala haikuwalazimu kungoja ruhusa ya mtu wa mji mkubwa.

Peter Buck alikuwa akiuza santuri katika duka la Wuxtry, na humo akafahamiana na mteja wake Michael Stipe, mwanafunzi wa sanaa, baada ya kuona kwamba wote wawili walipenda santuri zile zile. Mike Mills na Bill Berry walikuwa wamejuana tangu shule ya sekondari huko Macon, na walikuja chuoni pamoja. Buck alishika gitaa, Mills gitaa la besi, Berry ngoma, na Stipe akawa mwimbaji. Tarehe 5 Aprili 1980 walipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katika karamu ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani la Kianglikana lililokuwa limekwisha kugeuzwa makazi. Siku ile bendi haikuwa na jina. Jina lilipatikana baadaye kwa kufungua kamusi ovyo: herufi tatu ambazo katika elimu ya usingizi huwa kifupi cha hali ya macho kwenda mbio mtu anapoota. Wenyewe hawakulichagua kwa ajili ya maana hiyo. Tangu mwanzo, basi, watu hawa walilitwaa neno kwa umbo lake, wakaiacha maana ijitafutie njia.

Santuri yao ya kwanza, Radio Free Europe, ilitolewa mwaka wa 1981 na kampuni ndogo ya Hib-Tone. Ilirekodiwa na Mitch Easter katika studio aliyoitengeneza ndani ya gereji ya wazazi wake huko North Carolina. Zilipigwa chapa nakala 1,000 tu mwanzoni, na 600 kati yake zikapelekwa bure kwa watu wa habari na wa redio. Hapa yafaa kukumbuka mpango wa redio wa Marekani. Mwaka wa 1945 serikali ilitenga masafa ya megahezi 88 hadi 92 kwa ajili ya elimu, na mwaka wa 1948 ikaruhusu stesheni ndogo za wati 10, ambazo chuo kingeweza kuzimudu. Stesheni za biashara ziliishi kwa matangazo, nazo ziliogopa wimbo usiojulikana; stesheni za wanafunzi hazikuwa na mtangazaji wa kumwogopa. Chuo cha Georgia chenyewe kilikuwa na stesheni yake tangu mwaka wa 1972. Kufikia mwaka wa 1981 stesheni za namna hii zilikuwa zimetapakaa nchi nzima, na tangu mwaka wa 1978 zilikuwa na jarida lao lililokusanya habari za nyimbo zilizokuwa zikipigwa humo. Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa kabla R.E.M. hawajapita.

Walipita kwa gari. Meneja wao, Jefferson Holt, waliyekutana naye katika North Carolina, aliwaendesha kutoka mji wa chuo hadi mji wa chuo, wakilala popote walipopata na kula kidogo. Mwaka wa 1982 waliandikiana mkataba na kampuni ya I.R.S. Kampuni hiyo iliwajaribisha na mtayarishaji aliyetaka kila ala ipigwe kwa usahihi wa saa, akawarudiarudisha wimbo mmoja mara nyingi na kuongeza vinanda wasivyoviomba. Walikataa, wakaomba kurudishwa kwa Easter, naye akafanya kazi pamoja na Don Dixon. Albamu iliyotokea, Murmur, ya Aprili 1983, ilifika nafasi ya 36 tu katika orodha ya mauzo. Lakini wahakiki wa gazeti la Rolling Stone waliichagua kuwa albamu bora ya mwaka, mbele ya Thriller ya Michael Jackson.

Jina la albamu hiyo maana yake ni mnong'ono, nalo lafaa. Katika Murmur sauti ya Stipe imewekwa chini, kati ya magitaa, na konsonanti zake zimelegea hata mipaka ya maneno haionekani. Msikilizaji hupata kiimbo cha Kiingereza cha Kusini, mkazo wake na mapumziko yake, kisha hapa na pale neno moja zima, na sentensi akaikosa. Wanafunzi wa vyuo walikaa usiku wakibishana juu ya kilichosemwa, na kila mmoja aliondoka na maneno yake. Kwa msomi wa Kiswahili jambo hili lafanana na fumbo, lakini tofauti yake ni kubwa. Mshairi wa Kiswahili afumbapo hufumba maana. Silabi hutamkwa zote, kwa kuwa mizani yamlazimisha, na aliye nje ya siri huyasikia maneno yote asipate kitu. Stipe aliifumba sauti yenyewe. Wala hakuna dalili kwamba alikuwa na maana moja aliyoificha chini yake. Mara nyingi sauti ilikuwa ala ya tano, na maneno yalichaguliwa kwa jinsi yanavyotamkika.

Ni kosa kudhani ya kwamba watu walipenda wasichokielewa kwa sababu hawakukielewa. Walipenda nafasi waliyoachiwa. Wimbo wa stesheni za biashara ulifika kwa msikilizaji ukiwa umekwisha kukamilika. Huu ulimtaka aukamilishe mwenyewe, na kazi ya namna hiyo iliwafaa watu ambao kusoma na kufasiri ndiyo shughuli yao ya kila siku.

Pazia lilifunguliwa polepole, na yaweza kupimwa mwaka kwa mwaka. Katika mwaka wa 1986, albamu ya Lifes Rich Pageant ilipotayarishwa, Don Gehman alimsukuma mwimbaji atamke waziwazi. Katika mwaka wa 1987 albamu ya Document, iliyotayarishwa pamoja na Scott Litt, ilifika nafasi ya 10, na wimbo wake The One I Love ukafika nafasi ya 9. Katika mwaka wa 1988 waliingia kampuni kubwa ya Warner Bros., baada ya kuhakikishiwa uhuru wa kuamua kazi yao wenyewe, na albamu ya Green ikatolewa tarehe 8 Novemba, siku ya uchaguzi wa rais. Katika jalada lake, kwa mara ya kwanza, yalichapishwa maneno ya wimbo mzima: wimbo mmoja tu, World Leader Pretend. Mwaka uliofuata walizunguka dunia wakipiga katika viwanja vya maelfu ya watu.

Wapo wapenzi wa zamani walionung'unika kuwa bendi imejiuza. Lawama hiyo yajibiwa na wimbo ule ule uliowafikisha kileleni. Mwaka wa 1991 Losing My Religion, wimbo unaotangulizwa na mandolini na usio na kiitikio cha kawaida, ulifika nafasi ya 4 nchini Marekani, na albamu yake, Out of Time, ikashika nafasi ya kwanza huko na Uingereza pia. Kila neno lake lasikika. Hata hivyo mamilioni ya watu walidhani kuwa wimbo huo wahusu mtu aliyeacha imani. Katika usemi wa Kusini mwa Marekani, mtu asemaye kwamba anapoteza dini yake hazungumzi juu ya ibada. Asema subira imemwishia, na adabu yuko karibu kuivunja. Stipe alieleza kwamba wimbo wahusu mapenzi yasiyorudishwa. Basi fumbo halikutoweka bendi ilipopata soko. Lilihama kutoka katika sauti likaingia katika maana, na ufunguo wake ukabaki kwa watu wa nyumbani. Hata albamu ya mwaka wa 1992, Automatic for the People, ilipewa jina kutokana na msemo wa biashara wa mkahawa mmoja wa Athens.

Kilichopotea kilikuwa kingine. Tangu awali nyimbo zote ziliandikwa kwa majina ya wote wanne, bila kujali nani aliyetunga, na mapato yakagawanywa sawa. Bendi nyingi zimevunjika kwa kukosa mapatano hayo. Tarehe 1 Machi 1995, wakiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu ulipasuka katika ubongo wa Berry. Alipona, wakamaliza safari, na mwaka wa 1996 wakatia sahihi mkataba mpya ambao ilisemekana thamani yake ni dola milioni 80. Mwaka uliofuata Berry aliwaambia wenzake ya kuwa anataka kuondoka, lakini kwa sharti kwamba asiwe sababu ya bendi kuvunjika; kama ingevunjika, angebaki. Wakamwachia. Albamu ya kwanza bila yeye, Up, ya mwaka wa 1998, ndiyo ya kwanza ambayo maneno ya nyimbo zake yalichapishwa yote. Msomaji alipopata hatimaye kila neno, kundi lililolea maneno hayo lilikuwa limepungukiwa mtu mmoja kati ya wanne.

Watatu waliobaki waliendelea hadi tarehe 21 Septemba 2011, walipotangaza mwisho bila ugomvi. Mwezi wa Juni 2024 wote wanne walikutana New York, walipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa watunzi wa nyimbo, wakapiga wimbo mmoja, nao ni Losing My Religion. Kule Athens kanisa la karamu ya kwanza lilibomolewa mwaka wa 1990, ukabaki mnara wake. Wageni huja kuutazama. Yaonekana kuwa maneno ya usiku ule wa 1980 hayakusikika sawasawa hata kwa waliokuwamo ndani, na hilo halikuwazuia kucheza.