Mkia wa Jina la Dawa

Zamani mwanafunzi wa tiba alibeba elimu yake kichwani kwa mizani na vina. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, anajulikana zaidi kwa kitabu chake kikubwa, al-Qanun. Lakini alitunga pia urjuza, utenzi wa tiba wenye beti zaidi ya 1,300 katika bahari ya rajaz, ili wanafunzi wauhifadhi. Ibn Rushd aliuandikia sherehe, na baadaye ukatafsiriwa kwa Kilatini. Waliopita vyuo vya Lamu na Unguja hawashangazwi na njia hiyo: nahau ya Kiarabu waliisoma kwa Alfiyya ya Ibn Malik, beti elfu moja, vivyo hivyo.

Huko China, mwaka 1694, Wang Ang aliziweka dawa za kuchemsha katika mashairi mafupi, na wanafunzi wa tiba ya jadi wanayakariri hadi leo.

Karne ya 20 ikaleta dawa nyingi kuliko vina. Kila mgunduzi aliita dawa yake alivyopenda. Nystatin, dawa ya fangasi ya Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ilibeba jina la jimbo la New York, walikofanyia kazi. Warfarin ilianza na herufi za taasisi ya Wisconsin iliyogharamia utafiti wake. Jamii ya dawa iliyotupatia rifampicin ya kifua kikuu ilipata jina lake Milan, kutokana na filamu ya Kifaransa iitwayo Rififi. Majina hayo yanapendeza, ila hayamwambii muuguzi dawa inatibu nini.

Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliamua dawa ziwe na majina ya kimataifa yasiyo mali ya kampuni yoyote, na orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1953. Majina ya dawa za ukoo mmoja yalipewa mkia wa pamoja, yaani herufi za mwisho zinazofanana. Atenolol na propranolol ni ndugu. Enalapril ina ndugu zake, losartan nayo ina zake. Koo zote tatu hushusha shinikizo la damu, kila moja kwa njia yake. Hapo ndipo michezo ya kadi na mafumbo inayotumika leo darasani kufundishia majina ya dawa ilipopata mtaji: mwanafunzi aliyeujua mkia hukisia kazi ya dawa asiyowahi kuiona.

Lakini mkia unaweza kumpoteza. Omeprazole, metronidazole, fluconazole na albendazole zote huishia na -azole. Ya kwanza hupunguza asidi tumboni, ya pili huua amiba, ya tatu fangasi, ya nne minyoo. Ukoo halisi umo herufi chache nyuma: -prazole, -nidazole, -conazole, -bendazole. Mchezo unaofaa ni ule unaomrudisha mchezaji hadi kwenye herufi hizo. Unaoishia kwenye -azole unamfundisha kosa.

Na kosa la jina si dogo. Nchini Marekani, Losec ya vidonda vya tumbo ilichanganywa na Lasix, dawa ya kukojoza, mpaka mwaka 1990 Losec ikabadilishwa jina kuwa Prilosec. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya huko ikaanza kuhimiza sehemu zinazotofautiana ziandikwe kwa herufi kubwa: hydrALAZINE, hydrOXYzine.

Tanzania ilitunga orodha yake ya dawa muhimu mwaka 1970, miaka saba kabla ya ile ya WHO. Orodha za namna hiyo hutumia majina ya kimataifa, si ya kampuni, kwa hiyo mwanafunzi wa famasia Dar es Salaam anakutana na mikia ileile anayoihifadhi mwenzake wa Nairobi.

Mikia yenyewe haijatulia. Mwaka 2021 WHO iliacha kutoa -mab kwa dawa mpya za kingamwili, kwa kuwa majina yaliyoishia hivyo yalikuwa yamejaa mno na kufanana. Badala yake zikaja -tug, -bart, -mig na -ment. Dawa za zamani zilibaki na majina yake, hivyo wanafunzi wa sasa wanahifadhi mikia yote mitano.