SAFU YA LUGHA: Taa ya redio imeungua?

Mtu wa Msimbati au Kilambo akimpelekea fundi wa Mtwara mjini redio ya zamani, ile yenye mshale unaotembea juu ya namba za masafa, husema: "Fundi, taa yake imeungua." Kitenzi hiki kimezoeleka, wala sitaki kukifukuza. Lakini ndani ya glopu ile ndogo hakuna kilichoungua. Hewa imetolewa, na bila oksijeni waya haushiki moto. Waya wa tungsteni hung'aa kwa joto tu, ukipungua kidogo kidogo miaka nenda rudi, mpaka unakatika. Iinue glopu kwenye mwanga uone ncha mbili zisizogusana. Kukatika ndilo neno lenyewe.

Wengine husema "imezima," na hili nalipenda zaidi kwa uaminifu wake: linataja giza bila kubuni sababu. Pwani hii ya mlango wa Ruvuma, hewa ya chumvi hula shaba. Wakati mwingine glopu ni nzima, ila kikalio chake kimeshika kutu ya kijani. Ukimwambia fundi "imeungua," umeshamtibu mgonjwa kabla hajapimwa. Fundi hodari hupima kwanza kwa mita, akasugua kikalio, ndipo abadilishe. Glopu za aina hiyo zikikosekana dukani, huweka LED, akaongeza rezista ya kupunguza mkondo na kuhakikisha chanya na hasi havikupishana.