Legio Maria

Legio Maria ni dhehebu la Kikristo lililojitenga na Kanisa Katoliki magharibi mwa Kenya mwaka 1963. Jina linatokana na Jeshi la Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Viongozi wa mwanzo walikuwa Simeo Ondeto, aliyewahi kuwa katekista, na Gaudencia Aoko, mwanamke aliyebatiza umati wa watu na kupambana na uchawi.

Licha ya kujitenga, Legio Maria haikuukataa ukuhani. Ilijiundia wake, wenye papa, makadinali, maaskofu na watawa. Ilidumisha rozari na sala za Kilatini, ikaongeza uponyaji, unabii na kutoa pepo, na kuwapokea wenye wake wengi.

Aoko naye alijitenga baadaye. Ondeto alifariki mwaka 1991. Kaburi lake lililoko Got Kwer, Migori, ni mahali pa hija. Uhamiaji wa waumini Waluo kutoka magharibi mwa Kenya kutafuta kazi uliifikisha imani hii Nairobi, ikiwemo mitaa ya Eastlands.