Kanga mpya na nguo nyeupe za mtoto
Kanga kuchujia nguo za watoto si jambo la leo. Karne ya 19 meli za Salem, Marekani, zilileta Zanzibar merikani, kitambaa cheupe cha pamba. Kikitiwa nili kikawa kaniki. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliacha kaniki wakajipamba kwa kanga za rangi.

Sisi wa Bariadi, wakulima wa pamba, tunajua inavyonywa rangi. Nguo ya mtoto ikichujiwa usiitupe, wala usiianike au kuipiga pasi, rangi itaganda. Ifue tena ingali mbichi. Pamba nyeupe tupu iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, bila siki, kisha isuuze sana.

Bi harusi, kanga mpya zifue peke yake.